Aleji si ya mababi peke yao

Wasee, kuna hii stori ati aleji ni ugonjwa wa mababi. Ukipiga chafya Kangemi, hiyo ni homa tu. Ukipiga Spring Valley, una aleji na daktari wako ana jina. Hiyo dhana haikuzaliwa hapa Nairobi, ina karibu miaka 200.

Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwasimulia wenzake London ugonjwa wake mwenyewe: kila kiangazi macho yanawasha, pua inamwaga, kifua kinabana. Kufikia 1828 alikuwa amepata wagonjwa 28 pekee, akaandika kwamba ni watu wa tabaka la kati na la juu, maskini hawana. Lakini buda, ni maskini gani wa London ya 1828 angelipia daktari juu ya kamasi? Hakuwaona kwa sababu hawakuwa wanaingia kwake. Wazo likashika hata hivyo, chafya ikawa karibu cheo.

Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alichapisha jinsi alivyojijaribu mwenyewe kwa chavua, hadi akarusha tiara kuinasa ile iliyo juu hewani. Mhalifu wake mkuu alikuwa nyasi.

Sisi huku tunalaumu jakaranda kila Oktoba. Tunaionea. Chavua yake hubebwa na nyuki, ile ya nyasi hubebwa na upepo. Na nyasi iliyojaa kwenye loni za Lower Kabete Road ni Kikuyu grass, mzaliwa wa nyanda zetu za juu, iliyosafirishwa hadi Australia na Afrika Kusini. Huko Afrika Kusini madaktari wanaihesabu kati ya zinazoleta aleji. Tumeexport hadi chafya.

Sasa rudi kwa Bostock: alitaja pua na kifua pamoja. Bado hospitali zikavigawanya, pua kwa daktari huyu, pumu kwa yule. Ilichukua hadi mkutano wa WHO wa 1999, na ripoti ya ARIA ya 2001, kusema wazi kwamba njia ya hewa ni moja. Wengi wenye pumu wana shida ya pua pia, na ukiacha pua bila matibabu, pumu inakuwa ngumu kutuliza.

Na mababi? Utafiti uliochapishwa 1998 uliwakimbiza watoto zaidi ya 1,000 wa shule za msingi Nairobi na Murang'a, kisha ukapima pumzi zao. Njia za hewa zilibana kwa karibu 23 kati ya kila 100 wa Nairobi. Murang'a ni 13. Tofauti ilikuwa mji.

Fikiria basi shambaboi anayekata ile loni ya Spring Valley asubuhi. Anakula vumbi la nyasi hadi saa kumi, anapanda mathree hadi Kangemi, anapikia jiko la makaa. Akienda kemisti anauziwa Piriton, inayomlaza usingizi kazini kesho yake. Kifua kikibana ananunua inhela ya bluu, inayofungua pumzi kwa saa chache bila kutibu uvimbe ndani. Ile ya kuzuia, ya kutumia kila siku, hajawahi kuambiwa ipo. Kwa hesabu ya Bostock, huyu jamaa hangeandikwa popote.