Namna Sahihi ya Kukaza Boliti ya Sampu Wakati wa Kubadilisha Oili Nyumbani

Katika Boko, Bunju, Tegeta na maeneo mengine ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, baadhi ya wamiliki wa magari, pikipiki na bajaji hubadilisha oili ya injini wenyewe katika viwanja vya nyumba zao. Kazi hiyo haihitaji vifaa vingi, lakini usalama wa injini hutegemea kwa kiasi kikubwa boliti moja ndogo iliyo chini ya sampu, ambayo hufunguliwa ili oili chafu itoke na kufungwa kabla ya oili mpya kumiminwa.

Boliti hiyo ikilegea, mtikisiko wa safari huweza kuifungua na oili yote ikamwagika njiani. Injini inayozunguka bila oili huweza kuharibika ndani ya dakika chache. Ikikazwa kupita kiasi, nyuzi zake hukatika au sampu hupasuka, hasa kwa kuwa sampu za vyombo vingi vya moto hutengenezwa kwa aluminiamu, ilhali boliti huwa ya chuma kigumu zaidi. Kosa hili la pili hufanywa mara nyingi na watu wenye nia njema, wanaodhani kuwa nguvu nyingi ndiyo kinga ya uvujaji.

Kinachozuia oili kuvuja

Oili haizuiwi na nguvu ya mkono bali na washa, yaani pete nyembamba inayokaa kati ya kichwa cha boliti na sampu. Washa hutengenezwa kwa shaba, aluminiamu au malighafi nyingine laini, na boliti inapokazwa hubonyea kidogo na kuziba mianya yote. Washa iliyokwisha kubonyea haizibi vizuri mara ya pili. Kwa sababu hiyo, inashauriwa kuweka washa mpya kila oili inapobadilishwa. Aidha, ni muhimu kuhakikisha kuwa washa ya zamani haikubaki imeganda kwenye sampu, kwa kuwa washa mbili zikikutana uvujaji hutokea hata boliti ikikazwa ipasavyo.

Kipimo cha kukazia

Kila mtengenezaji huweka kipimo cha kukazia boliti hiyo kwa Nyutoni mita, kinachoandikwa N·m katika kitabu cha matengenezo. Magari mengi yaliyoingizwa nchini yakiwa yametumika huja na vitabu vya Kijapani, lakini tarakimu na alama ya N·m husomeka kwa urahisi. Kwa magari mengi madogo ya Toyota na Honda kipimo huwa takriban Nyutoni mita 37 hadi 40. Pikipiki nyingi huhitaji nguvu pungufu ya hiyo, na mwenye chombo anapaswa kufuata kitabu chake.

Chombo kinachofaa zaidi ni spana ya toki, ambayo hutoa mlio au kuonesha namba nguvu iliyopangwa inapofikiwa. Kwa asiyekuwa nayo, hesabu ifuatayo husaidia kuelewa kiasi kinachotakiwa. Nyutoni mita 40 ni sawa na uzito wa takriban kilo 20 uliowekwa mwishoni mwa spana yenye urefu wa sentimita 20. Mtu akichomeka bomba ili spana iwe na urefu wa sentimita 60, mkono uleule kwa nguvu ileile utazalisha Nyutoni mita 120, kiasi kinachotosha kuharibu nyuzi za sampu. Kwa hiyo, bomba halipaswi kutumika kukazia boliti hii.

Hatua za kufuata

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vizuizi. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Ni lazima liegemezwe kwenye stendi imara. Penye udongo wa kichanga, ubao mgumu na mpana uwekwe chini ya stendi ili isizame.

Pili, injini iwashwe kwa dakika chache ili oili ipate joto la wastani, kisha izimwe. Oili ya moto sana huunguza ngozi.

Tatu, boliti ifunguliwe kwa spana ya pete au soketi inayoenea sawasawa, na oili ikingwe kwa beseni. Inapokwisha kutoka, nyuzi za boliti na eneo la kukalia washa vifutwe kwa kitambaa safi.

Nne, boliti yenye washa mpya irudishwe kwa vidole, bila spana, kwa kuizungusha kuelekea upande wa mshale wa saa, mtazamaji akiwa anakiangalia kichwa chake. Inapaswa kuingia kwa wepesi. Ikigoma, itolewe na kuanzishwa upya, kwa kuwa huenda imeingia upande na spana itazikata nyuzi.

Tano, baada ya washa kugusa sampu, boliti ikazwe taratibu hadi kufikia kipimo, kisha kazi ikomee hapo.

Sita, oili mpya imiminwe kwa kiasi kilichoelekezwa, injini iwashwe kwa dakika moja na taa ya oili ihakikiwe kuwa imezimika. Injini izimwe, boliti ikaguliwe na kiwango cha oili kipimwe. Karatasi ngumu ikiachwa chini ya gari usiku kucha itaonesha asubuhi kama kuna tone lililodondoka.

Uvujaji ukionekana, oili imwagwe tena na washa ichunguzwe kabla ya kuongeza nguvu. Boliti inayozunguka bila kukaza ni dalili kuwa nyuzi zimekatika. Chombo hicho kisiendeshwe, wala tatizo lisifichwe kwa gundi; fundi mwenye ujuzi atengeneze nyuzi mpya au abadilishe sampu.

Oili chafu na visima vya majirani

Oili iliyotumika ni taka hatarishi, na usimamizi wa taka za aina hiyo unaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) linaeleza kuwa oili inayotoka kwenye gari moja inapobadilishwa inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, sawa na takriban lita milioni 3.8. Kwa kaya zinazotegemea maji ya visima, madhara hayo hayabaki katika kiwanja cha aliyemwaga.

Oili hiyo haipaswi kumwagwa ardhini, mtaroni wala chooni, na isichomwe. Ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko, lisilotumika kwa maji au chakula, kisha ipelekwe kwenye gereji inayoikusanya au kwa mkusanyaji mwenye kibali. Washa, filta na vitambaa vilivyolowa oili navyo vitengwe na taka za kawaida za nyumbani.