Wembe na Hesabu Yake

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kumhimiza mtu aweke akiba, lakini ina upande wa pili ambao wengi huusahau: haba na haba huweza vile vile kukimaliza kibaba kilichojaa. Mtu huogopa kutoa fedha nyingi kwa mara moja, wala haogopi kutoa kidogo kidogo kila juma hata mwisho wa maisha yake. Mfano ulio wazi wa jambo hili ni chombo kidogo kilichomo katika nyumba nyingi, nao ni wembe wa kunyolea ndevu. Historia yake yafaa kusomwa pamoja na kalamu na karatasi, kwa maana ni historia ya hesabu.

Katika karne ya 18 na ya 19, mwanamume wa Ulaya au Marekani aliyetaka kunyoa ndevu alitumia wembe wa kukunja: bapa moja la chuma cha pua lililofichwa ndani ya mpini wake. Nyembe zilizofuliwa Sheffield, nchini Uingereza, zilisifiwa kila mahali. Wembe wa namna hiyo ulinunuliwa mara moja, ukatumika miaka mingi, na pengine baba akamrithisha mwanawe. Lakini haukuwa chombo cha mvivu. Ilibidi uburuzwe juu ya ukanda wa ngozi kila mara kabla ya kunyolea, na baada ya muda utiwe kwenye kinoo. Tena ulihitaji mkono uliozoea. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Twaona basi kwamba kujinyoa kulihesabiwa kuwa sanaa ya kujifunza. Asiyekuwa na ustadi huo alikwenda kwa kinyozi, akalipa kila alipokwenda.

Hivyo njia zilikuwa mbili. Mmoja alilipa fedha chache na jasho jingi. Mwingine hakutoa jasho, lakini mfuko wake haukupumzika.

Njia ya tatu ilianzia Marekani. King Camp Gillette, aliyezaliwa mwaka 1855, alikuwa mchuuzi wa kampuni ya William Painter, yule aliyevumbua kifuniko cha bati ambacho mpaka leo hufunika chupa za soda. Gillette mwenyewe alisimulia kwamba Painter alimshauri avumbue kitu ambacho mtu hukitumia, akakitupa, kisha akarudi kununua kingine. Asubuhi moja ya mwaka 1895 Gillette aliukuta wembe wake umekuwa butu, hata ukanda wa ngozi hauwezi kuufufua. Hapo likamjia wazo: kwa nini tuunoe wembe? Na uwe kipande chembamba cha chuma, wenye makali pande mbili, ushikwe na mpini wa kudumu. Ukiisha makali, utupwe.

Mafundi wa chuma walimwambia kwamba haiwezekani kulitia makali bapa jembamba kiasi hicho. Miaka kadhaa ilipita kabla ya mhandisi William Nickerson kuipata njia. Kampuni ilianzishwa Boston mwaka 1901, na biashara ikaanza mwaka 1903. Mwaka huo ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata ziliuzwa mashine zaidi ya 90,000, na Gillette akapewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia watu wengine wasitengeneze kitu chake.

Sasa na tuchukue kalamu. Mashine ya Gillette iliuzwa kwa dola 5, bei ambayo haikuwa ndogo siku zile. Baada ya miaka michache nyembe 12 ziliuzwa kwa dola 1. Tuseme mtu alitumia wembe mmoja kila juma kwa muda wa miaka 40. Atakuwa ametumia nyembe 2,080, nazo zitamgharimu kama dola 173. Pamoja na mashine, dola 178. Jirani yake aendaye kwa kinyozi mara tatu kwa juma, tuseme kwa senti 10 kila mara, atatoa dola 624 katika miaka hiyo hiyo. Naye mwenye wembe wa kukunja, tuseme alitoa dola 4 kwa wembe, ukanda na kinoo, na hata akivinunua upya mara mbili, hatazidi dola 12.

Basi je, mwenye wembe wa kukunja ndiye aliyeshinda? Tusifanye haraka. Ikiwa alitumia dakika 5 kila siku kuunoa wembe wake, katika miaka 40 atakuwa amenoa kwa saa zaidi ya 1,200, nazo ni kama siku 50, usiku na mchana bila kulala. Gillette hakuuza chuma peke yake. Aliuza wakati, na aliuza ruhusa ya kutokuwa fundi. Walionunua hawakuwa wajinga. Lakini wengi waliitazama bei ya mashine, ambayo hulipwa mara moja, wasiitazame bei ya nyembe, ambayo haina mwisho.

Yaliyofuata yatufundisha zaidi. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, serikali iliagiza kwa askari wake mashine milioni 3.5 na nyembe zaidi ya milioni 30. Vijana hao walirudi makwao wakiwa na mashine mkononi na mazoea mapya. Mwaka 1921 muda wa ile hataza ukamalizika, na wengine wakawa huru kutengeneza vitu kama hivyo. Mara kampuni ikaanza kuuza mashine ya namna ya zamani kwa dola 1 tu! Chuma hakikuwa kimegeuka; kilichogeuka ni kwamba mnunuzi sasa alikuwa na pengine pa kwenda.

Mwaka 1931 Jacob Schick alileta sokoni mashine ya umeme, isiyotaka sabuni, maji, wala wembe wa kutupwa. Bei yake ilikuwa dola 25, ambazo kwa bei ile ya zamani zingenunua nyembe 300, yaani za karibu miaka sita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wilkinson Sword ya Uingereza iliuza nyembe za chuma kisichoshika kutu, zilizodumu kuliko zile za kawaida. Gillette, iliyokuwa ikiongoza soko, ilitoa za kwake mwaka 1963. Mtu aishiye kwa kuuza kitu kinachokwisha haharakishi kuuza kisichokwisha upesi, mpaka mshindani amlazimishe.

Iko gharama nyingine isiyoandikwa katika risiti. Nyumba nyingi za Marekani za karne ya 20 zilikuwa na tundu ndogo katika kabati la bafuni, ambamo nyembe zilizotumika zilitumbukizwa, zikaanguka ndani ya ukuta. Mpaka leo wabomoao nyumba hizo hukuta rundo la nyembe zenye kutu. Kutupa si kumaliza. Ni kumwachia mwingine.

Siku hizi ziko mashine zenye nyembe tatu hata tano katika kichwa kimoja, ambacho mara nyingi hukubali mpini wa kampuni yake tu. Kando yake dukani umo bado wembe wa makali mawili, mjukuu wa ule wa mwaka 1903. Wembe huo ni wa bei ndogo kwa kuwa viwanda vingi vyautengeneza, na wowote huingia katika mashine yoyote ya namna yake.

Vijana wa kiume mlio karibu kuota ndevu, mtakutana na hesabu hii mapema. Lakini hesabu si ya ndevu peke yake, wala si ya wanaume peke yao. Jiko la bei ndogo linalokula makaa mengi ni wembe. Printa ya bei nafuu inayotaka wino wa bei kali ni wembe. Kabla hujasema kitu ni rahisi, uliza maswali matatu: Nitalipa mara ngapi? Kitanidai wakati na ustadi kiasi gani? Na bei ikipanda, nitaweza kununua kwa mwingine? Ajibuye maswali hayo kwa uangalifu huenda akachagua cha ghali au cha rahisi, na chaguo lake likawa jema. Kwa maana atakuwa amekichagua kwa hesabu, wala hakuchaguliwa na muuzaji.