Shule za Kujitegemea za Wakikuyu, 1929–1952: Suala la Umiliki

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu nchini Kenya wakati wa ukoloni imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata pande mbili: misheni zilizofungua shule na Serikali iliyotoa ruzuku. Upande wa tatu, yaani wanavijiji waliojenga na kuendesha shule zao wenyewe, hutajwa kwa ufupi tu, mara nyingi kama dibaji ya vita vya Mau Mau. Makala haya yanauangalia upande huo kupitia vyama viwili vya hiari visivyotafuta faida vilivyosimamia shule za watoto katika vijiji vya Kiambu, Murang'a na Nyeri. Vyama hivyo ni Chama cha Shule za Kujitegemea za Wakikuyu, kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, KISA, na chama cha elimu cha Karing'a. Hoja kuu ni kwamba ingawa mgogoro wa mila ndio uliozizaa shule hizi, suala lililozidumisha, na hatimaye kuziangamiza, lilikuwa la umiliki: nani alikuwa mwenye shule?

2.0 Chimbuko

Hadi miaka ya 1920, shule nyingi za vijijini katika nchi ya Wakikuyu zilikuwa matawi ya misheni. Wanakijiji walitoa kiwanja, wakakata miti, wakaezeka nyasi na kulipa ada. Hata hivyo, mwalimu aliajiriwa na misheni na mafundisho yalipangwa na misheni. Wazazi walilalamika kwamba elimu iliyotilia mkazo kazi za mikono ilimwandaa mtoto kuwa kibarua wa mlowezi, ilhali wao walitaka Kiingereza na masomo yanayofungua milango ya ofisi. Shule ya sekondari ya Alliance, iliyoanzishwa na misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, ilichukua wanafunzi wachache mno kukidhi kiu hiyo.

Mgogoro uliripuka mwaka 1929. Misheni ya Kanisa la Skoti na misheni nyingine za Kiprotestanti ziliwataka waumini na walimu waukane ukeketaji wa wasichana. Misheni ya Skoti iliwataka pia wakikane Chama Kikuu cha Wakikuyu, chama cha siasa kilichodai haki za ardhi. Tamko hilo, lililothibitishwa kwa sahihi au alama ya dole gumba, liliitwa kirore. Wamisionari, hasa waliokuwa madaktari, walikuwa na hoja nzito ya afya, kwa kuwa walishuhudia madhara ya desturi hiyo wakati wa uzazi. Lakini kwa kuiunganisha hoja ya afya na siasa ya ardhi, waliifanya ionekane kuwa sehemu ya unyang'anyi uleule. Wasichana wenyewe, ambao miili yao ndiyo iliyobishaniwa, hawakusikika sana upande wowote.

Walimu waliokataa kirore walifukuzwa, na wazazi wengi wakawaondoa watoto wao. Hapo ndipo umiliki ulipojitokeza kuwa kiini cha jambo. Mabishano yalizuka kuhusu viwanja na majengo, na wanavijiji wakatambua kwamba nyumba waliyoijenga kwa mikono yao ilihesabiwa kuwa ya misheni. Wakaanza upya.

3.0 Ujenzi na Gharama

Juhudi za kijiji kimojakimoja ziliunganishwa katika miaka ya mwanzo ya 1930. KISA, iliyoundwa rasmi mwaka 1934, ilipata nguvu zaidi Murang'a na Nyeri, na ilikuwa tayari kuzungumza na Serikali. Karing'a ilitamalaki Kiambu na ilikuwa na msimamo mkali zaidi. Kwa kuwa shule na kanisa havikutenganishwa, vyama vilihitaji pia makasisi wasiotegemea misheni. Mwaka 1935 Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika alifika kutoka Afrika Kusini kuwafunza.

Upungufu mkubwa ulikuwa wa walimu. Mwalimu wa shule ya kujitegemea mara nyingi alikuwa kijana aliyemzidi mwanafunzi wake madarasa machache. Ili kuuziba upungufu huo, Chuo cha Ualimu cha Githunguri kilifunguliwa Januari 1939 chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani mwaka uliotangulia. Michango ilikusanywa kwa kufuata rika, na kila rika lilishindana na jingine. Wanawake nao walichanga kwa ajili ya bweni la wasichana. Utaratibu wa zamani wa kuwapanga watu kwa umri wa tohara uligeuzwa kuwa chombo cha kugharimia elimu ya kisasa.

Utaratibu huo ulikuwa na udhaifu wake. Mchango wa hiari hupanda na kushuka kwa kufuata mavuno na bei. Jomo Kenyatta, aliyerejea nchini mwaka 1946 na baadaye kukiongoza chuo hicho, alikabiliwa na madeni na mishahara isiyolipwa.

4.0 Mvutano na Serikali

Serikali haikuzipinga shule hizi tangu mwanzo. Mwaka 1936 KISA ilikubali kufuata mtaala wa Serikali, huku ikiendelea kudai Kiingereza kifundishwe mapema. Mambo yalibadilika baada ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, iliyopendekeza ukaguzi mkali zaidi na mfumo wa miaka minne minne, ambapo wengi wangeishia hatua ya kwanza. Kwa wazazi waliojenga shule ili watoto wao wavuke, pendekezo hilo lilionekana kuwa ukuta.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, shule hizi zilishutumiwa kuwa vituo vya kulisha kiapo. Zaidi ya 100 zilifungwa. Baadhi zilifunguliwa tena chini ya misheni au bodi za elimu za wilaya, nyingine hazikufunguliwa. Githunguri, mahali palipochangiwa na kila rika, pakawa mahali pa kunyongea watu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma katika shule ya Karing'a ya Manguo, ameeleza jinsi Kikuyu kilivyoondolewa na Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia baada ya Serikali kuitwaa shule hiyo.

5.0 Hitimisho

Amri ya kufunga iliwezekana kwa sababu wanavijiji walimiliki kuta, lakini idhini ya kufundisha ilibaki mikononi mwa Serikali. Walioumia kwanza ni watoto ambao hawakula kiapo chochote. Hata hivyo, ujuzi wa kuchanga, kuunda kamati na kumdai mwekahazina hesabu haukuweza kufungiwa mlango. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vijiji vya Kenya vilijenga shule nyingi za sekondari kwa wito wa harambee. Wito huo ulitolewa na Kenyatta, aliyewahi kuwa mkuu wa Githunguri, na katika nchi ya Wakikuyu uliwafikia watu waliokuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo kabla haijapewa jina.