Mgusano wa Vyuma na Majina Yake: Bwana na Mtumwa katika Hesabu za Wahandisi

Kata ya Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda, ni nchi ya mpunga. Katika mashine ya kukobolea yenye magurudumu mawili ya mpira, moja limekazwa mahali pake nalo lazunguka upesi; la pili lazunguka polepole zaidi, nalo huweza kusogezwa. Yakiachana mno, ganda halitoki. Yakibanana mno, punje huvunjika. Basi swali la mwenye mashine ndilo swali la mhandisi: vitu viwili vigusanapo, vyabanana kwa nguvu gani, na katika eneo lipi? Makala haya yaeleza kwa ufupi historia ya swali hilo, kisha yaingia katika jambo lituhusulo sisi watu wa lugha, yaani majina.

Mwaka 1785 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb alieleza kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya mbano. Mwaka 1881 Heinrich Hertz, kijana wa miaka 23 huko Berlin, alionyesha jinsi ya kukokotoa eneo la mgusano wa vitu vilivyobinuka, na mbano uliomo. Kwa hesabu ya namna hiyo twafahamu kwamba katika reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, kila gurudumu la gari la moshi hugusa chuma mahali padogo mfano wa ukucha wa kidole gumba.

Lakini njia ya Hertz yafaa maumbo sahili. Kwa maumbo magumu, wahandisi wa karne ya 20 walikigawa kitu katika vipande vidogo vilivyounganishwa kwa vifundo, kisha wakaiachia kompyuta hesabu. Mwaka 1976 John Hallquist, katika maabara ya Livermore huko Marekani, alitoa programu ya DYNA3D, ambayo ilichangia sana kueneza hesabu za migongano. Katika mbinu moja mashuhuri ya programu hizi, nyuso mbili hazina kazi sawa. Vifundo vya uso mmoja hukaguliwa kila hatua, visije vikapenya uso wa pili. Vikipenya, husukumwa nje kana kwamba pana springi. Vifundo vya uso wa pili havikaguliwi. Huu usiokaguliwa uliitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya bwana. Ule ukaguliwao, kwa neno lenye maana ya mtumwa.

Mfasiri aandikaye “uso bwana” na “uso mtumwa” hawezi kulaumiwa kwa kamusi. Lakini yafaa akumbuke aandikia nchi gani. Karema, iliyo leo katika Mkoa wa Katavi, ilikuwa ngome iliyoanzishwa 1879, ikatwaliwa 1885 na Mapadri Weupe, ambao waliwalea hapo watumwa waliokombolewa. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Aidha, majina hayo yaupotosha ukweli wa hesabu: ukaguzi ni wa upande mmoja, bali nguvu ni sawa pande zote mbili. Baadhi ya watengenezaji wa programu wamekwisha kuyaacha.

Nathubutu kusema kwamba sarufi yetu yatosha. Kiambishi -an- cha kutendana chaeleza nguvu ya pande mbili. Kwa hiyo tendo lenyewe liitwe mgusano, wala si mguso. Uso ukaguliwao uitwe mgusaji, na wa pili uitwe mguswa. Yadhihirika kwamba mguswa limeundwa kama mtumwa, kwa kutendwa: huyu ametumwa, yule ameguswa. Umbo ni lile lile, pasipo mzigo wa historia. Hapana budi istilahi hizi zijadiliwe mapema, kabla mafundi hawajazoea majina ya kukopa; kwa maana jina likisha kukaa midomoni, ni vigumu kuling’oa.