Tano Mbili za Juma Moja

Nilipokuwa nikifundisha Kiingereza, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Wednesday ni siku ya tano ya juma. Nikamtilia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Leo namwia radhi. Alihesabu Kiswahili: Jumamosi ni mosi, ikifuata Ijumaa, siku ya kukusanyika; hivyo Jumatano ni ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, nayo kwa Kiarabu ni ya tano vilevile, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Tano mbili zimelala kitanda kimoja, wala hatushtuki!

Waingereza hawakuhesabu. Kwa kuiga Warumi, wahenga wao waliziita siku kwa miungu. Wednesday ni siku ya Woden, ndiyo maana herufi d imebaki katika maandishi ingawa haitamkwi. Thursday ni ya Thunor, mungu wa radi. Saturday wamemwachia Saturn wa Warumi.

Nilimfundisha kijana yule kuanza majina hayo kwa herufi kubwa, na kutanguliza on, wala si in, pale ambapo sisi twasema tu “nitakuja Jumatano”. Habari za Woden sikumsimulia.