Walimu wa Visiwa Wakae Wapi?

Shahada ya uzamili kuhusu uendelevu wa visiwa imekwisha kuota mizizi duniani. Chuo Kikuu cha Prince Edward Island, Kanada, kilianza kufundisha taaluma ya visiwa kwa ngazi hiyo mwaka 2003, na Chuo Kikuu cha Malta kina shahada yake ya visiwa na nchi ndogo. Mmoja wa walioijenga taaluma hiyo, Godfrey Baldacchino, ni Mmalta aliyefundisha kote kuwili, na mwaka 2006 alikuwa mhariri mwanzilishi wa jarida la kimataifa la taaluma hiyo. Makala haya yanadai kwamba uzito wa programu ya aina hii hautokani na orodha ya kozi. Unatokana na mahali walimu wake wanapoishi, na muda wanaokaa hapo. Yanadai pia kwamba Karusandara, kwenye tambarare ya Kasese magharibi mwa Uganda, inastahili kuwa mojawapo ya mahali pa namna hiyo.

Karusandara iko mbali sana na bahari. Lakini mtu akisimama kwenye mashamba yake amezungukwa na visiwa. Upande wa magharibi kuna milima ya Rwenzori, ambako mimea ya baridi imetengwa na ya Mlima Elgon na Mlima Kenya kwa mamia ya kilomita za nchi ya joto ambayo mimea hiyo haiwezi kuivuka. Ndiyo maana baadhi ya viumbe vya huko havipatikani kwingine. Kusini kuna Ziwa George na Hifadhi ya Queen Elizabeth. Tangu Robert MacArthur na Edward Wilson walipochapisha nadharia yao ya visiwa mwaka 1967, wanaikolojia wamejua kwamba hifadhi iliyobanwa na mashamba huanza kupoteza wanyama wake kama kisiwa kilichokatika kutoka bara. William Newmark alilionyesha jambo hilo katika hifadhi za Tanzania mwaka 1996. Huku Uganda, mwaka 1992, maelfu ya watu waliondolewa kwa nguvu kutoka ukanda unaounganisha msitu wa Kibale na Queen Elizabeth ili wanyama wapate njia. Nadharia ya visiwa ina watu ndani yake, na mwanafunzi anapaswa kukutana nao kabla hajachora ukanda wowote kwenye ramani.

Na mlima wenyewe unabadilika. Barafu iliyofunika takriban kilomita za mraba 7 wakati Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alipopanda Rwenzori mwaka 1906, leo haifiki kilomita ya mraba 1. Mei 2013 mto Nyamwamba uliuvamia mji wa mgodi wa Kilembe pamoja na hospitali yake. Mei 2020 mito kadhaa ya Kasese ilifurika kwa mpigo, kuanzia Mubuku hadi Lhubiriha huko Bwera. Mitaro ya wakulima wa tambarare hunywa maji hayohayo.

Ziwa George limewahi kuwa na walimu wa hali ya juu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, kikundi cha wanasayansi kilichotumwa na Royal Society ya London kilipiga kambi Kasenyi, kando ya ziwa. Kwa miaka kadhaa walipima ziwa hili lenye kina cha wastani wa mita 2.4 tu, ambalo mchana hujipanga kwa tabaka za joto na usiku huchanganyika tena. Kazi inayonivutia kuliko zote ni ya mmoja wao, D. J. W. Moriarty, juu ya samaki aitwaye ngege. Maji ya George ni ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa mwani mdogo ambao wataalamu wengi waliamini samaki hawawezi kuusaga. Moriarty alipasua matumbo ya ngege saa baada ya saa. Asubuhi, chakula cha kwanza kilipita kikiwa bado kijani, bila kusagwa. Kadiri siku ilivyosonga, tindikali ya tumbo iliongezeka hadi kufikia pH 1.4, na mwani ukageuka kahawia: umemeng'enywa. Siri ya wingi wa samaki wa ziwa hili ilikuwa ndani ya tumbo la samaki anayeuzwa kila siku ufukweni.

Matokeo yalichapishwa London mwaka 1973, kikundi kikatawanyika. Siwalaumu, waliacha msingi ambao bado tunaujengea. Lakini ziwa haliishi kwa vipimo vya miaka sita au saba. Mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yaliyorundikwa Kasese yaliendelea kusombwa na mvua kuelekea ziwani, yakiacha njia ya ardhi iliyoungua ndani ya hifadhi, na hilo lilihitaji macho ya mtu asiyeondoka.

Zanzibar inaonyesha kinachowezekana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Unguja tangu 1978. Kilimo cha mwani wa baharini kilipoanza Paje na vijiji vya jirani mwaka 1989, wanataaluma wake walikuwa karibu. Baadaye bahari ilipopata joto na aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikaanza kuoza kwenye kamba, Dkt. Flower Msuya wa taasisi hiyo hakuishia kuandika ripoti. Alifanya majaribio na wakulima, wengi wao wanawake, ya kuhamishia mwani kwenye maji ya kina zaidi, na akawasaidia kutengeneza sabuni na bidhaa nyingine. Huyo ni mwalimu ambaye swali lake la utafiti humngoja kila maji yanapokupwa.

Gharama ni pingamizi la kweli. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kilichogeuka kuwa cha umma mwaka 2022, kipo Fort Portal, barabara moja tu kutoka Kasese, na Makerere ina kituo cha utafiti Kanyawara, msituni Kibale. Kinachokosekana ni kuunganisha: muhula mmoja Unguja, mmoja Kasese, walimu wakibadilishana, na angalau nafasi mbili za kudumu kwenye tambarare, mmoja mtaalamu wa maji na mwingine wa jamii, wanaoweza kuzungumza na mfugaji wa Kisongora na mkulima wa Kikonjo bila mkalimani. Kazi yao ya kwanza ingekuwa kupima Mubuku kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na kuyabandika matokeo kwenye ofisi ya kata ndogo ya Karusandara kabla ya kuyatuma kwenye jarida lolote.