Mali ya Mnunuzi, Ufunguo wa Kiwanda

Katika miji ya Mbeya na Iringa, ambako kompyuta aghalabu huwasili ikiwa imekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani, ikapita Dubai, ikashushwa Kariakoo, kisha ikapakiwa basi la kupandia Nyanda za Juu Kusini, fundi ndiye nguzo ya matumizi yenyewe. Kwani mashine iliyonunuliwa kwa akiba ya mwaka mzima haitupwi kwa sababu ya betri iliyochoka. Kwa hiyo historia ya jinsi watengenezaji walivyolifungua tumbo la kompyuta, kisha wakalifunga tena, ingawa ilitendeka mbali na hapa, inawagusa watu wa Mwanjelwa kule Mbeya na Miyomboni kule Iringa kuliko wengi wa wale walioianzisha.

Mwanzoni mwa biashara hii suala la mwenye mali kuifungua mashine yake halikuwapo, madhali mtumiaji hakuwa mwenye mali. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikikodisha tu mashine zake za kuhesabia, na mafundi, spea na vitabu vya maelekezo vyote vilibaki mikononi mwake, hata serikali ya nchi hiyo ilipoishitaki kwa kuhodhi soko. Nayo kampuni, mwaka 1956, ikaridhia kwa amri ya mahakama kuwauzia mashine wanaotaka kununua, na kuwapatia spea mafundi wasio wa kwake. Hivyo haki ya kutengeneza, ambayo leo hudhaniwa kuwa ni madai mapya, ilikwisha kutiwa katika hati ya mahakama kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Kwetu, kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500 ya Waingereza, iliyofuatwa baada ya miaka michache na nyingine ya jamii ya ICL 1900. Hesabu za serikali zilizokabidhiwa mashine hii ya pili zilivurugika, fedha za kigeni zikatumika kuwalipa wataalamu wa kutoka ng'ambo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Wako waliolilaumu zuio hilo kwa kulichelewesha taifa, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini ndani yake mlikuwa na hekima moja isiyostahili kusahauliwa, kwamba mashine ambayo wenyeji hawaujui undani wake ni deni lisilokwisha. Katika miaka hiyo mafundi wa nyanda za juu walishika redio, saa na cherehani, wakijifunza kwa ulazima wa uhaba wa spea kukifufua kilichokufa kwa viungo vya kile kilichokufa zaidi.

Ilhali mlango wetu umefungwa, milango ya viwanda vya Marekani ilikuwa ikifunguka. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na kifuniko cha kubanduliwa kwa mkono na nafasi nane za kuongezea vifaa. Na IBM, ilipotoa kompyuta yake ndogo Agosti 1981, iliweka nafasi tano, kisha ikauza kitabu chenye michoro ya umeme na maandishi kamili ya programu ya kuiwashia mashine, kiasi kwamba yeyote mwenye akili na subira aliweza kuielewa tangu skrubu hadi saketi. Kompyuta za nasaba hiyo, na nyingine nyingi zilizoigwa kwayo, ndizo zilizoingia nchini zuio lilipolegezwa katika miaka ya 1980 na hatimaye kuondolewa, nazo ndizo zilizozaa ufundi wetu. Chuo cha Ufundi Mbeya kilichoanza mwaka 1986, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na Chuo Kikuu cha Tumaini pale Iringa, kilichoanzisha shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007 kwa ushirikiano na wanazuoni wa Ufini, vilitoa ilimu ya darasani. Lakini shule kubwa ya ufundi huu imekuwa benchi la mtaani, ambapo kijana humtazama mkubwa wake mwaka na zaidi kabla hajaruhusiwa kushika bisibisi.

Mtu akitaka kuona thamani ya uwazi ule, na asimame mbele ya benchi kama hilo msimu wa masika, radi zinapopiga na umeme unaporudi kwa nguvu kupita kiasi. Mashine haiwaki. Fundi huipima chaja kwa mita, akahamia tundu la kuchomekea, akafungua skrubu za chini, akachomoa betri, kisha akazibana pembeni klipu mbili zinazoshika RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, nayo ikainuka yenyewe kwa mshazari. Huifuta miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha, akawasha. Na pengine, kwa gharama isiyozidi chakula cha mchana, tasnifu ya mwanafunzi imeokoka. Ikibidi, huongeza RAM nyingine au hubadili diski, na mashine ya miaka kumi ikaongezewa mitano.

Lakini uwazi huo haukuwa ahadi ya milele. Mapema mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh isiyo na nafasi za nyongeza, kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi, na kasha lake limefungwa kwa skrubu zinazodai bisibisi ndefu ya namna ya peke yake. Na mwaka 1987 IBM yenyewe ikajaribu kuurudisha ufunguo mfukoni kwa mashine za PS/2, ambazo mfumo wake wa nyongeza haukuruhusiwa kuigwa pasipo kulipia leseni. Safari hiyo soko liligoma, na washindani tisa wakaungana mwaka uliofuata kutoa mfumo wao. Jaribio lililofaulu lilikuja mwaka 2012, pale MacBook Pro mpya ya Apple ilipotoka na RAM iliyochomelewa na betri iliyogandishwa kwa gundi, na wengine wengi wakafuata njia hiyo hiyo.

Baada ya gundi zikaja kufuli zisizoonekana. Ziko kompyuta za mkononi zinazokataa kuwaka zikiwekewa kadi ya mtandao isiyo katika orodha ya kiwanda, hata kama kadi hiyo ni nzima. Ziko printa zinazohesabu kurasa kwa kidude kilichofichwa katika kasha la wino, na hesabu ikitimia hukataa wino uliojazwa na mwenye duka la steshenari. Na mwaka 2016 wenye simu za iPhone waliobadilishiwa kitufe cha alama ya kidole na fundi wa nje walikuta simu zimekufa mara baada ya kupokea programu mpya, mpaka Apple ikaomba radhi na kuzifungua. Mbele ya kufuli ya namna hii mkono mwepesi na jicho kali havifai kitu, kwa kuwa spea ni sahihi na kazi ni safi, ila ruhusa haipo.

Insafu inataka tuzisikilize hoja za watengenezaji. Wanasema kumbukumbu iliyochomelewa hula umeme kidogo na huenda kasi zaidi, kwamba gundi huzuia maji, na kwamba kufuli humkatisha tamaa mwizi. Na katika hayo yamo ya kweli. Lakini betri si siri, wala kumnyima fundi mchoro wa bodi hakumzuii mwizi hata mmoja. Anayekuuzia nyumba akabaki na ufunguo wa jikoni hakukuuzia nyumba.

Mahakama na mabunge ya nchi nyingine yameanza kuliona hilo. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la wino wa printa za Lexmark, iliamua kwamba haki ya hataza ya mtengenezaji juu ya kitu hukoma pale anapokiuza. Jimbo la New York lilitunga sheria ya haki ya kutengeneza Desemba 2022. Jimbo la Oregon, mwaka 2024, likakataza kufuli za kuoanisha spea na mashine. Na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake Juni mwaka huo huo. Sisi tulitunga kanuni za taka za kielektroniki mwaka 2021, na ni jambo jema. Lakini kanuni ya taka humpokea maiti, na Mbeya na Iringa zinahitaji sheria ya kumponya mgonjwa.

Pa kuanzia papo, wala hapangoji bunge la mbali. Serikali, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, ni mnunuzi mkubwa wa kompyuta za shule, halmashauri na vyuo. Na iandike katika zabuni zake kwamba haitanunua mashine ambayo RAM, diski na betri yake havibadiliki kwa bisibisi ya kawaida. Nawe msomaji, kabla hujahesabu fedha zako dukani, mwambie muuzaji aigeuze mashine akuonyeshe inapofunguliwa. Akishindwa, zirudishe fedha mfukoni uende duka la pili.